Mkononi au Hewani? Mjadala wa Video Nzito Mtaani Ziwani

Video nzito, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni faili ambalo haliwezi kupita katika njia ya kawaida ya kutumiana ujumbe bila kukatwa, kubanwa au kutafutiwa mlango mwingine. Uzito huo haupimwi kwa urefu wa video peke yake, bali kwa idadi ya biti, yaani zile alama za sifuri na moja ambazo kompyuta huandikia kila kitu, zinazotumika kueleza sekunde moja ya picha na sauti; biti 8 hufanya baiti 1, baiti milioni moja hufanya megabaiti, na megabaiti 1,000 hufanya gigabaiti. Tofauti ya biti na baiti huonekana ndogo karatasini, lakini ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti ilhali simu huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na hivyo mtu aliyeahidiwa kumi hujikuta amepata moja na robo, akadhani ameibiwa.

Ziwani ni mahali panapofaa kuupimia mjadala huu. Mtaa huo wa nyumba za kanjo, yaani nyumba za kupanga zilizojengwa na wakuu wa jiji la Nairobi zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, umekaa kati ya Starehe na Kariokor, ambayo jina lake ni masalio ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na hauko mbali na Gikomba wala Eastleigh. Nyumba zake ni ndogo kuliko koo zinazozihesabu kuwa nyumbani, kwani familia iliyoanzia hapo vizazi vitatu vilivyopita huweza leo kuwa na tawi kijijini, tawi Kisumu au Nakuru, tawi Ghuba na tawi Marekani. Na kinachoyakutanisha matawi hayo, pale nauli inapokosekana, ni video ya arusi, ya kupeleka mahari au ya mazishi.

Mjadala unaofuata umesimamishwa juu ya mfano wa kubuni wenye hesabu za kweli. Babu mmoja wa Ziwani amezikwa kijijini, mpiga video amerekodi kuanzia ibada hadi kaburini, na kazi iliyokamilika ina urefu wa saa 3, ikiwa imehifadhiwa kwa megabiti 10 kwa kila sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha safi. Jumla yake ni gigabaiti 13.5. Wanaoisubiri ni majirani wa Ziwani, shangazi aliye Kisumu, nyanya aliyebaki kijijini, binti anayefanya kazi Dubai na kijana aliye Minneapolis. Wanaobishana ni watatu, nao wamepewa majina ya hoja zao badala ya majina ya watu: Mkononi, fundi wa simu anayeamini kitu kinachoshikika, Hewani, mwanafunzi wa chuo anayeamini mtandao, na Mpokeaji, mama wa makamo ambaye kwa sehemu kubwa ya mjadala hakuna anayemuuliza lolote.

Mkononi: Dada, kabla ya kutaja intaneti, ihesabiwe kwanza njia ya chumbani. Simu mbili zikiwekwa meza moja na kufunguliwa Xender au Quick Share, haziombi bando la hata shilingi moja, kwa sababu simu ya kwanza hugeuka kituo kidogo cha Wi-Fi na ya pili ikajiunga nayo moja kwa moja, data isivuke hata kizingiti cha mlango. Kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, mazishi yote ya saa 3 huhamia simu ya pili kwa dakika 11 na ushei.

Hewani: Kaka, dakika hizo 11 ni za jirani wa mlango wa pili. Binti wa Dubai hawezi kuketi kwenye meza hiyo.

Ufafanuzi mmoja unahitajika hapa, kwa sababu vinywani mwa watu neno Bluetooth limekuwa jina la kila namna ya kutumiana faili bila bando. Bluetooth yenyewe, iliyoundwa ili kuunganisha vifaa vidogo kwa umeme kidogo, huenda kwa takriban megabiti 2 kwa sekunde katika matumizi ya kawaida, kwa hiyo faili la gigabaiti 13.5 lingehitaji saa 15, simu zote mbili zikiwa macho usiku kucha. Programu kama Xender, na Quick Share ya Google iliyoanza mwaka 2020 ikiitwa Nearby Share, zinaweza kutumia Bluetooth kutambuana tu, kisha hukabidhi mzigo kwa Wi-Fi. AirDrop ya Apple hufuata kanuni hiyohiyo. Anayelalamika kwamba kutumiana kwa simu ni kwa polepole huenda amebonyeza kitufe kisicho chake.

Mkononi: Na kwa shangazi wa Kisumu lipo basi. Kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha hutiwa ndani ya bahasha, bahasha hupelekwa afisi ya vifurushi, na asubuhi shangazi huonyesha kitambulisho na kuichukua. Basi likichukua saa 8, faili hilo limesafiri kwa wastani wa megabiti 3.75 kwa sekunde, na kama kadi imejazwa gigabaiti 64 za picha nyingine za ukoo, kasi hiyo inakaribia megabiti 18. Wako watu wengi wanaolipia intaneti kila mwezi na hawajawahi kuipata kasi ya basi la usiku.

Hesabu hiyo ina wenzake duniani. Mnamo Septemba 2009, nchini Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba kadi ya gigabaiti 4 kwa umbali wa kilomita 80 hivi hadi karibu na Durban, akiruka kwa dakika 68. Hata ulipoongezwa muda wa kuinakili kadi kwenye kompyuta, jumla ikiwa saa 2 na dakika chache, laini ya intaneti iliyoshindanishwa naye ilikuwa imepeleka asilimia 4 tu ya data ileile. Nchini Cuba, ambako intaneti ilikuwa adimu na ghali, filamu, vipindi na habari zimekuwa zikisambazwa kila wiki kwa diski zinazopita nyumba kwa nyumba. Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi ambamo Ziwani imo, nayo haikuwa nyuma: sinema alizozisimulia DJ Afro kwa Kiswahili na Sheng zilienea kutoka vibanda vya video hadi maduka ya kunakili, kwanza kwa diski, halafu kwa flashi, na matatu zenye skrini zikacheza vilivyomo ndani ya flashi hizo, bila ya mtazamaji kuwa na bando. Haki za wenye filamu hazikuulizwa katika biashara hiyo, na hilo ni doa ambalo wanaoisifu hupenda kuliruka. Lakini kama funzo la usafirishaji, mtandao wa miguu na magurudumu ulikuwapo Nairobi kabla nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, hazijaanza kazi Mombasa mwaka 2009.

Hewani: Usafirishaji wa mkononi una aibu yake ya zamani, kaka. Watu wa Mombasa wenye jamaa Muscat walitumiana kaseti za sauti, baadaye kaseti za video, nazo zilicheza vizuri, kwa kuwa Kenya na Oman zilifuata mfumo mmoja wa picha, uitwao PAL. Kaseti hiyohiyo ilipopelekwa Marekani, ambako mfumo ulikuwa NTSC, mashine ya huko haikuisoma. Arusi ilifika, bibi arusi hakuonekana.

Mkononi: Hiyo ni habari ya kaseti. Flashi haina uraia.

Hewani: Inao. Flashi nyingi huandaliwa kwa mpangilio uitwao FAT32, ambao haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4. Mtu huinunua ya gigabaiti 32, akajaribu kuweka mazishi ya gigabaiti 13.5, kompyuta ikamwambia faili ni kubwa mno, naye akairudisha dukani akidai ni mbovu. Na nyingine ni mbovu kweli, maana zipo flashi zilizoandikwa terabaiti 1 ambazo ndani yake zina gigabaiti chache, hupokea kila kitu kwa adabu, kisha video ikifunguliwa siku ya pili huwa imebaki jina.

Pigo hilo lilimfikia Mkononi, ingawa si la kumwangusha. Tatizo la FAT32 huondoka flashi ikiandaliwa upya kwa mpangilio wa exFAT, jambo ambalo fundi yeyote hulifanya kwa dakika moja, mradi vilivyomo ndani ya flashi vimehamishwa kwanza, kwa sababu kuiandaa upya ni kuifuta. Flashi ya uongo haina dawa, ila kujazwa na kufunguliwa mbele ya muuzaji. Hoja ya Hewani iliyobaki imesimama ni ile ya kaseti: kitu kufika na kitu kusomeka ni mambo mawili. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuitumia hoja hiyo dhidi ya upande wake.

Hewani: Njia za hewani ni nyingi, kila moja na kipimo chake. Barua pepe ya Gmail hubeba megabaiti 25, na hivyo babu angehitaji barua 540, hiyo iachwe. WhatsApp, tangu mwaka 2022, hukubali faili la hadi gigabaiti 2 likitumwa kama hati, kwa hiyo mazishi yakikatwa vipande 7 yatapita. Telegram hukubali gigabaiti 2 vilevile, na 4 kwa anayelipia. Google Drive humpa kila mtu gigabaiti 15 za bure. Video hupakiwa mara moja, kisha jamaa hutumiwa kiungo tu, yaani anwani ya kubonyeza. YouTube nayo huruhusu video isiyoorodheshwa, isiyoonekana katika utafutaji, bali hufunguliwa na aliye na kiungo chake.

Katika orodha hiyo liko neno linalostahili kusimamiwa, nalo ni hati. Video inapotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ya picha na video, programu huibana yenyewe, ikipunguza upana wa picha na idadi ya biti ili ipite upesi, na ndiyo maana nyuso za watu waliosimama mbali kaburini hugeuka madoa. Inapotumwa kama hati, programu huichukua kama mzigo uliofungwa, haiigusi, na mpokeaji hupata kilekile kilichotoka. Mabishano mengi ya kifamilia kuhusu simu ya nani ina kamera mbaya yangemalizwa na tofauti hii moja.

Mkononi: Na kupakia kunachukua muda gani, dada? Kwa megabiti 10 kwa sekunde, kupakia kutachukua saa 3 kamili, urefu uleule wa mazishi yenyewe. Kwa megabiti 3 kutachukua saa 10, na umeme ukipotea katikati huenda kazi ikaanza upya. Bando la siku huisha muda wake hata kama faili limebakiza kidogo. Tena hewa yenyewe ina mwenyewe: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikazorota, na Novemba mwaka huohuo Telegram ilizuiwa nchini Kenya wakati wa mitihani ya KCSE. Bahasha ya Kisumu haikuzuiwa na mtihani wowote.

Hewani: Anayepakia hana haja ya kutumia bando la simu. Apeleke flashi kwenye saiba yenye laini ya nyuzi za mwanga, alipie saa chache, aondoke na kiungo.

Hapo ndipo Mpokeaji alipoingia, na ni haki kusema kwamba mjadala wa kweli ulianza naye.

Mpokeaji: Wanangu, mmehesabu kila kitu isipokuwa mimi. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp lina watu 60. Aliyetuma amelipa mara moja. Anayepokea ni mara sitini. Vipande 7 vya gigabaiti 13.5, vikipakuliwa na wote, ni gigabaiti 810, na sehemu yake kubwa imelipiwa na watu wanaonunua bando la siku. Nyanya kule kijijini ana simu ya gigabaiti 32, na nusu yake imeliwa na mfumo wenyewe na nyimbo za kanisa. Simu hiyo ikiwa imewekwa ipakue video zenyewe, bando lake litaisha kabla hajajua limeenda wapi, na video haitakuwa imefika.

Mkononi: Ndiyo sababu ya kusema flashi, Mama.

Mpokeaji: Flashi ataichomeka wapi, mwanangu? Simu yake ina tundu la chaji tu, na televisheni ni ya jirani. Na wewe binti, kiungo cha Drive huenda kikamwambia aingize nywila ambayo mjukuu wake aliiandika mwaka juzi.

Katika usemi wa Mpokeaji kuna kosa moja dogo, kwani simu nyingi za kisasa husoma flashi kupitia kiunganishi kidogo kiitwacho OTG kinachochomekwa penye tundu hilohilo la chaji. Lakini kiunganishi nacho kinahitaji mtu wa kukinunua na wa kukieleza, na hoja yake haipungui. Mwenye Xender na mwenye Drive wote wawili walikuwa wakiuliza swali la mtumaji, yaani faili litatokaje hapa, ilhali gharama ya bando, ya nafasi ya simu na ya uwezo wa kufungua hubebwa na yule wa upande wa pili. Kijana wa Minneapolis, mwenye intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa kwa megabaiti, anaweza kupakua faili zima kutoka Drive akiwa amelala. Binti wa Dubai yuko katika nchi ambayo simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa huku ujumbe na mafaili yakipita, kwa hiyo video iliyorekodiwa kwake si nyongeza, ni badala ya kuhudhuria, na anastahili ipakuliwe kwa urahisi ili aione peke yake usiku baada ya zamu. Nyanya anahitaji kumwona tena mumewe akiteremshwa, na kwa hilo dakika 10 zilizochaguliwa zinamtosha kuliko saa 3.

Hewani: Basi ibanwe, Mama.

Kubana video ni kuiandika upya kwa biti chache, na huwezekana kwa programu ya bure ya kompyuta kama HandBrake. Yakipunguzwa hadi megabiti 1 kwa sekunde, kwa picha ya mistari 480, mazishi yale ya saa 3 hushuka kutoka gigabaiti 13.5 hadi 1.35, moja ya kumi, na kwa ukubwa huo hupita WhatsApp kama hati moja isiyokatwa. Kwenye skrini ya simu, tofauti si ya kumliza mtu. Kwenye televisheni kubwa itaonekana. Ipo pia namna mpya ya kuandika picha, H.265 ya mwaka 2013, inayotoa ubora uleule kwa karibu nusu ya biti, lakini baadhi ya simu za zamani haziisomi, na hapo kaseti ya NTSC inarudi kwa jina jingine. H.264, iliyotangulia mwaka 2003, husomwa karibu kila mahali, na kwa ukoo wenye simu za kila umri ndiyo ya kuchaguliwa.

Mpokeaji: Na hicho kiungo cha YouTube kisichoorodheshwa, kikipenyezwa kundi la kazini, nani atakirudisha? Mle ndani kuna mjane anayelia na watoto waliovaa vibaya kwa haraka ya msiba.

Hewani hakuwa na jibu la kutosha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, lakini kinga hiyo hudhoofika picha zinapotolewa hadharani, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza skuli moja ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. YouTube ina faida moja ambayo njia nyingine hazina kwa ukamilifu, nayo ni kwamba humpimia kila mtazamaji ubora kulingana na kasi yake. Hata hivyo kwa msiba, tofauti na arusi, Drive iliyofungwa kwa majina ya wanaoruhusiwa ni salama zaidi, ingawa inasumbua. Telegram isichukuliwe kuwa siri kwa sababu tu ina umaarufu wa siri, maana mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kwa ufunguo walio nao wawili tu, kama yanavyofungwa ya WhatsApp tangu mwaka 2016.

Mkononi: Na ile ya gigabaiti 13.5, Mama, itupwe?

Swali hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote aliyoyasema Mkononi, na jibu lake linawapatanisha bila ya kumpa yeyote ushindi aliouomba. Kutuma na kuhifadhi ni kazi mbili tofauti, na kosa la pande zote lilikuwa kutaka faili moja lizifanye zote mbili. Nakala nyepesi ni ya kuonwa wiki hii, nayo iende hewani baada ya mpokeaji kuulizwa simu yake ina nafasi gani na bando gani. Nakala nzito ni ya wajukuu, na kwayo njia ya mkononi haina mpinzani, kwa kuwa Drive ya bure ikibeba gigabaiti 13.5 hubakiza moja na nusu kwa barua na picha zote za mwenyewe, na akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa. Ziwani ina sababu ya ziada ya kutunza nakala nzito, kwani mitaa ya zamani ya Eastlands, yenyewe ikiwemo, imetajwa katika mipango ya kaunti ya kubomoa nyumba za kanjo na kujenga ghorofa, na nyuma ya jeneza la babu, katika zile dakika za kwanza kabla msafara haujaondoka mtaani, mlango wa nyumba aliyoipanga unaonekana wazi. Nakala hiyo iwekwe katika diski mbili, moja ibaki Nairobi na nyingine ipelekwe kijijini, zifunguliwe mara moja kila mwaka ili kuhakikisha kwamba bado zinasomeka, na jina la marehemu pamoja na tarehe ya mazishi viandikwe juu ya kila moja kwa kalamu isiyofutika.